Siku Mulika Mwizi Ilipowaka Sigowet

...kumbe Gitonga ana mvi, Janeffer akawaza, miaka yote hii amemjua jirani yake wa sokoni kwa sauti na kwa nusu uso uliomulikwa na koroboi, na sasa taa ya mulika mwizi imewaka juu ya ile nguzo ndefu na soko lote la Sigowet limevuliwa nguo, matope, mafungu ya sukumawiki, watoto wanakimbiza vivuli vyao, mheshimiwa anapiga kelele kwa spika... na Kimeli, mumewe, anayeshona viatu kando yake kila jioni, anasema, "Mama Nelvine, si hii ni mchana kabisa!", anatabasamu, ameinua uso, lakini... anaangalia wapi huyu? nguzo iko nyuma yake, watu wote wamegeukia huko, yeye ameuinulia uso ukuta wa kinu cha posho mill, ukuta mtupu... anatania, sivyo, Kimeli hupenda utani, "Baba Nelvine, umeiona?", "Nimeiona, inang'aa!", na mkono wake unapapasa benchi ukitafuta sindano, inayometameta hapo hapo, unaipita, unarudi, unaipita tena, Mungu wangu, ile chai aliyomwaga, alisema giza, viatu wateja walivyorudisha vimeshonwa kombo, giza, kumpita shemeji bila salamu mpaka watu wakasema ana maringo, giza, na mchana je? mchana hukaa ndani, eti kichwa kinaniuma, mama, jua ni kali... na mimi nikaamini, nikasimama kanisani nikaomba taa ije haraka, kumbe naomba mume wangu anyang'anywe mahali pa kujificha... tangu lini, mbona hakuniambia, mimi ninayelala naye... hasira ikampanda, ikashuka alipoona shavu likitetemeka chini ya lile tabasamu, anaogopa, Kimeli anaogopa, na Gitonga ameanza kumtazama, anautazama ukuta, anamtazama tena, "Fundi, kwani unaona nini huko?"... Janeffer hakujua miguu ilimpelekaje, alijikuta amesimama kati ya mumewe na ukuta, mwanga ukimchoma usoni, "Ananiangalia mimi, Gitonga, ni makosa?", watu wakaangua kicheko, Kimeli akacheka pia, akainamisha uso kidogo kuielekea sauti, na Janeffer akayaona, karibu kuliko alivyowahi kuyaona, macho mazuri ya mumewe yakimtafuta, yakimkosa.