Vidole Chini ya Mlango

Mtaani walisema ni rahisi kuoa kuliko kupata mbwa kwa Mama Majibwa. Ukienda kuposa utaulizwa ukoo na kazi, basi. Yeye alikuuliza unatoka nyumbani saa ngapi na unarudi saa ngapi, nani anabaki, uzio wako ukoje, mbwa wako wa mwisho alikufa kwa nini na ulimzika wapi. Ukimaliza kujibu, alikuja mwenyewe kwako mchana wa siku ya kazi, na mtoto wa mbwa kwenye kapu, aone mtoto anavyoipokea nyumba.

"Mimi sichagui," alizoea kusema. "Mimi nabeba kapu tu."

Haikuwa kweli, naye alijua. Alichagua tangu mwanzo kabisa. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, na kazi ya mbwa aliachiwa na marehemu mumewe, lakini aliishika kwa ukali kuliko marehemu. Mama mbwa, Shwari, hakupandishwa kabla daktari wa mifugo hajampiga picha ya nyonga. Dume mmoja mzuri wa kupigiwa mfano alikataliwa kwa sababu alikuwa akishtuka mlango ukigongwa. "Ukali wa ushujaa unafundishika," alisema. "Ukali wa woga unarithiwa." Watoto walipozaliwa, kila mmoja alifungwa uzi wa sufu wa rangi yake shingoni na kupimwa kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni, mpaka mdogo wake, mjane mwenzake waliyekuwa wakiishi pamoja, akaapa kutokula tena keki yoyote itakayotoka kwenye nyumba ile.

Kwenda kuona nyumba za watu kulianza baada ya kosa. Miaka ya nyuma alimtoa mbwa kwa familia yenye bustani na maneno matamu. Mwaka ulipokwisha alipita njia ile kwa bahati, akamkuta mbwa wake kwenye mnyororo mfupi, shingo imeliwa na chuma. Alimrudisha kwake, na mbwa akaishi, ila hakuwahi tena kulala akiwa amefumba macho yote mawili. Tangu hapo kapu likaanza kutembea.

Mwanamume yule alikuja watoto wakiwa na wiki nane. Alikuwa mtu wa makamo, karani wa ofisi ya ardhi, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Aliyajibu maswali yote bila kusita, kama mtu aliyewahi kuufanya mtihani ule akaufaulu. Alikaa na mke wake tu. Hawana watoto. Uzio upo, maji yapo, kivuli kipo.

Shwari aliinuka kwenye sanduku lake akaja kumnusa viatu. Alipanda na pua hadi kwenye pindo la suruali, akabaki hapo muda mrefu. Kisha akatoa mlio mwembamba kooni.

"Amempenda huyo," alisema mdogo wake.

Mama Majibwa alimtazama Shwari. Mlio ule aliujua. Shwari aliutoa akikosa mtoto mmoja katika kuhesabu, wakati mtoto huyo amejificha nyuma ya gunia.

Kabla hajaondoka, mwanamume aliuliza swali moja tu. "Mama, mbwa anaweza kujua kama kuna mtu kwenye chumba kingine?"

"Anajua hata kama mtu huyo hasemi."

"Na atanionyesha?"

"Atakuonyesha, mwanangu. Kuona au kutoona ni juu yako."

Mwanamume aliitikia kwa kichwa taratibu, akaaga.

"Huyo majibu yake hayana hata kombo moja," mdogo mtu alisema baadaye, wakifua matambara ya mbwa. "Mimi marehemu wangu ningemuuliza hayo, angeanguka swali la pili."

"Ndiyo maana nataka nikaione nyumba," alisema Mama Majibwa.

Alikwenda Jumanne, baada ya saa nane. Kwenye kapu alimweka Soksi, dume mwenye miguu minne myeupe, mtulivu kuliko wote. Nyumba ilikuwa ya mwisho kwenye barabara ya lami iliyochakaa, kuta zimepakwa rangi upya. Mke wa yule karani alimfungulia kabla hajabisha mara ya pili. Redio ilikuwa imefunguliwa kwa sauti kubwa mno kwa nyumba ya watu wawili. Sakafu ilinukia dawa ya kuulia vijidudu, harufu ya wodini, si ya sebuleni.

"Karibu mama. Tumeomba ruhusa kazini wote wawili, kwa ajili yako."

Waliketi. Soksi alitolewa kwenye kapu. Kwa kawaida mtoto wa mbwa katika nyumba ngeni hukojoa kwanza, au hujificha chini ya kiti. Soksi hakufanya hata kimoja. Alisimama katikati ya sebule, akainua kichwa, masikio yakageuka yote mawili upande mmoja. Kisha akashika njia ya ukumbini, mkia juu, kama aliyeitwa.

"Mwache," Mama Majibwa alimwambia mke, aliyekwisha inuka. "Nafuata mimi."

Ukumbi ulikuwa mrefu na nusu giza. Kulikuwa na milango mitatu. Miwili ilikuwa wazi. Wa tatu, mwisho kabisa, ulikuwa umefungwa, na komeo lilikuwa upande wa nje. Soksi alikwisha fika hapo. Alikuwa amelala kifudifudi, pua kwenye upenyo wa chini, mkia unafagia sakafu.

Mama Majibwa alisogea. Akaona vidole.

Vilikuwa vinne, vimetoka chini ya mlango hadi kwenye kiungo cha pili, vikavu, kucha zimekatwa vizuri. Havikukwaruza wala kutafuta kitu. Vilikuwa vimetulia tu, na Soksi alikuwa akivilamba kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama anavyolambwa na mama yake.

Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni hadi kwenye nyayo. Alipopepesa macho, vidole vilirudi ndani polepole. Soksi akabaki ananusa upenyo mtupu.

Alimbeba, akarudi sebuleni akijitahidi kutembea kama mtu mzima. Alizima redio mwenyewe, bila ruhusa.

"Mnaishi wangapi humu?"

"Wawili, mama," alisema mke. "Kile ni chumba cha stoo."

"Mwanangu, nimewahi kudanganywa na watu wenye nyumba nzuri kuliko hii. Nakuuliza mara ya mwisho."

Mke alimtazama mume. Mume alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake mwenyewe vimefumbatana magotini.

"Ni mama yangu," alisema.

Ndipo yakatoka yote. Mama yake alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Miguu ilikufa, mikono ikafuata, kisha maneno. Daktari alisema hatainuka. Walimleta hapa, wakamlisha, wakamgeuza, wakamwogesha; majirani wakawasifu. Halafu, kama miezi saba hivi iliyopita, mambo yakaanza. Wakirudi kutoka kazini wanakuta bomba la jikoni linatiririka. Siku nyingine pazia la sebuleni limefunguliwa, nao waliliacha limefungwa. Jioni moja mke alikuwa anamenya viazi, akasikia ukumbini mtu anaburuta miguu, hatua fupi fupi za mtu anayejishika ukutani. Akaenda kuangalia. Hakuna mtu. Mama yuko kitandani, macho yanatazama dari.

"Ndipo mkaweka komeo," alisema Mama Majibwa.

"Ndipo nikaweka komeo," alisema mwanamume. "Na hatua hazikukoma. Sasa zinatembea ndani ya chumba. Nilitaka mbwa aniambie kama ni yeye. Kama si yeye, basi nijue."

"Wewe unamwogopa mama yako."

Hakukana. Machozi yalimdondoka akayaacha.

"Fungua," alisema Mama Majibwa.

Komeo lilikuwa gumu. Chumba kilikuwa safi, dirisha limefunikwa kwa kitambaa kizito, hewa imelala. Kitanda kilikuwa kwenye ukuta wa mbali, hatua saba nzima kutoka mlangoni. Alizipiga mwenyewe, akazisikia moja moja. Shuka lilikuwa limechomekwa pande zote, halina mkunjo. Ndani yake alilala bibi mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, nywele zimesukwa, macho wazi.

Mama Majibwa alimwinamia. "Shikamoo, mama."

"Hasemi," mke alinong'ona kutoka mlangoni. Hakuvuka kizingiti.

"Marahaba," alisema bibi.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya koo lililokauka. Nyuma, mwanamume alitoa mlio kama aliyepigwa ngumi ya tumbo.

Mama Majibwa alifunua shuka kwa adabu. Mikono ilikuwa imelazwa ubavuni kama walivyoilaza. Akaushika wa kulia. Ulikuwa baridi, mzito, nao haukumshika. Lakini vidole vinne vilikuwa vimelowa, na katikati ya kidole cha shahada na cha kati kulikuwa na unyoya mmoja mweupe wa mbwa.

Aliukausha mkono ule kwa ncha ya khanga yake, taratibu, apate muda wa kutuliza moyo. Alikagua mgongo na visigino vya bibi, kama anavyokagua watoto wake wa mbwa. Hapakuwa na kidonda. Watu hawa hawakuwa makatili. Walikuwa wametunza mwili vizuri sana, na mwenye mwili wakamfungia.

Alirudi ukumbini. "Mbwa sitakupa," alisema.

"Najua, mama."

"Si kwa kukuadhibu. Mbwa huyu angejifunza kutoka kwako kumwogopa aliye ndani ya nyumba yake. Una ndugu?"

Alikuwa na dada, mkubwa wake, mpishi wa shule katika mji wa jirani. Alikuwa amemwambia dada huyo kwamba mama hataki wageni.

"Mpigie. Sasa hivi, mimi nikiwa hapa. Na huo mlango leo haufungwi tena."

Alipiga. Mama Majibwa hakuondoka hadi aliposikia, kwenye simu, mwanamke analia na kukemea kwa pumzi moja.

Dada mtu alikuja siku ya pili na gari la kukodi, akamchukua mama yake. Wiki mbili baadaye karani alimpigia Mama Majibwa. Alisema nyumba imenyamaza, hakuna hatua wala bomba. Hakusikika kama mtu aliyefurahi. Alisema kila Jumamosi sasa anakwenda kwa dada yake, anakaa na mama, anamshika mkono.

"Bado unaogopa?"

"Kidogo, mama."

"Nenda hivyo hivyo."

Soksi alikuwa bado hajapata kwao. Familia tatu zilimtaka, Mama Majibwa akazipa ndugu wa Soksi. Siku moja dada mtu alikuja mwenyewe, mwanamke mnene mwenye mikono yenye makovu ya mafuta, akaomba yule mbwa "mwenye soksi". Mama yake, alisema, alikuwa ametamka neno hilo mara mbili akiwa usingizini, na hakuna aliyewahi kumtajia.

Mama Majibwa alimuuliza maswali yote, hakumpunguzia hata moja. Akaenda kwake mara mbili, na kapu. Mara ya pili akarudi kapu likiwa tupu, na mdogo wake akalia kwa siri nyuma ya tangi la maji, akidai ni vitunguu.

Mwezi ulipopita alikwenda kumtazama. Ilikuwa alasiri, dada mtu ametoka tu kazini, wameketi barazani na chai. Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa wazi. Ulikuwa hauna hata kitasa.

"Tazama sasa," alisema dada mtu. "Ni saa zake."

Soksi alitoka chumbani. Alikuwa amekua, miguu mirefu, lakini hakukimbia kama mbwa wa umri wake. Alitembea polepole kando ya ukuta, ila si karibu na ukuta. Aliacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja mwembamba. Kila baada ya hatua tatu alisimama, akatazama juu upande ule, akangoja. Kisha akaendelea. Alifika kwenye mlango wa uani, penye jua, akalala, kichwa amekiinua kidogo kama kimeegemezwa kwenye goti la mtu.

Mama Majibwa aliinuka akachungulia chumbani. Bibi alikuwa kitandani, macho yamefumbwa, anapumua vizuri, uso una rangi ya mtu aliyeota jua.

Alirudi akaketi. Chai ilikuwa imepoa.

"Huogopi?"

"Siku ya kwanza niliogopa, nikalala kwa jirani," alisema dada mtu. "Siku ya pili nikaondoa viatu na ndoo pale njiani, asije akajikwaa."

Mama Majibwa alifungua mkoba wake, akatoa kadi ya chanjo ya Soksi. Pale penye jina la mwenye mbwa alikuwa hajaandika kitu tangu mwanzo. Akamuuliza dada mtu jina kamili la mama yake, akaliandika kwa herufi kubwa.