Msimwambie Mtoto

Kaka yetu Nathanaeli ana ugonjwa wake mmoja: kuficha magonjwa. Mimi Dina ndiye ninayesema, na yeye mwenyewe nimeshamwambia, akaninunia. Mtu wa kwetu akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kukaa kwenye benchi la hospitali na kutoa amri: "Msimwambie mtoto. Yuko mbali, atachanganyikiwa bure." Na sisi wote tunaitikia, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Habari mbaya haimfuati mtu aliko. Inamngoja arudi, anawe uso, ale, ndipo wakubwa wamkalishe chini.

Ndivyo tulivyofanya dada yetu Magdalena alipolazwa. Magdalena alikuwa mkunga wa serikali, amestaafu, yuko kwake Mwankoko na kuku wake na shamba la alizeti. Watu wazima wengi unaowaona katika kata ile, yeye ndiye aliyewapokea walipotoka tumboni mwa mama zao. Basi miguu ikamvimba, pumzi ikawa ya kuvuta kwa nguvu, na daktari akasema moyo umetanuka. Alilazwa hadi majirani wakaanza kunong'ona.

Mtoto wake ni mmoja tu, Winfrida, yuko Ulaya miaka mingi, anatunza wazee wa watu. Aliolewa huko, wakaachana, akabaki peke yake. Alikuwa anapiga simu dukani kwangu, pale sokoni Singida mjini ninapouza mafuta ya alizeti. "Mama mdogo, shikamoo. Mama yuko wapi?" Nikamwambia ameenda msibani Shelui. Akapiga tena, nikasema bado yuko Shelui. Mara ya tatu akasema, "Mama mdogo, huo msiba wa Shelui hauishi?" Nikacheka, nikamuuliza habari za baridi.

Dada akatoka hospitali na mfuko wa vidonge, akarudi kwa kuku wake. Mwaka uliofuata Winfrida akaanza wimbo mwingine. Mama aje. Si kutembea, aje wakae pamoja. Tena afike kabla ya Pasaka. Nikamuuliza Pasaka ina nini, akasema basi tu, amemkumbuka mama. Magdalena alifurahi jamani! Alinunua viatu vya kufunga kamba, akawa anavivaa ndani ya nyumba ili avizoee. Aliniambia wazi, "Dina, nataka nimwone mwanangu kabla sijafa. Sitaki kitu kingine."

Kikwazo kikatoka ubalozini. Walisema mstaafu anayekwenda kukaa muda mrefu, ambaye haendi kufanya kazi, lazima awe na bima ya afya. Bima hiyo ilipe hospitali ya kule, na akifariki ilipe kumrudisha kwao. Bila bima hakuna viza. Dada alitikisa kichwa. Alikuwa amechoma sindano maisha yake yote bila kumdai mgonjwa hata shilingi, maana enzi hizo serikali ndiyo iliyokuwa bima yetu. Sasa hata kadi ya hospitali ilikuwa inanunuliwa.

Lakini enzi za ruksa, za biashara huria, zilikuwa zimeleta kila kitu, mitumba, soda za kopo, na kampuni za bima pia. Moja ilikuwa imefungua ofisi ghorofani karibu na stendi, na wakala wake alikuwa Laurian, kijana wa tai na viatu vinavyong'aa. Tulikwenda watatu, mimi, dada na Nathanaeli. Laurian alisimama kutuamkia. Halafu akamwambia dada, "Mama, mimi pia ni wa mikononi mwako. Mama yangu ndivyo anavyosema."

"Mama yako nani?"

"Febronia wa karibu na kisima."

"Ulitanguliza miguu wewe," dada akasema. "Ulitusumbua sana." Tukacheka wote, hata Nathanaeli.

Laurian akaanza kuuliza. Umri, kazi aliyokuwa anafanya, macho, sukari. Alipofika pa moyo akainua uso, akashusha sauti. "Mama, miaka hii ya karibuni hujawahi kulazwa, sivyo?" Loo, kijana yule alikuwa anamfungulia mlango! Kilichobaki ni dada kupita tu.

Nathanaeli akapita kwa niaba yake. "Hajalazwa. Mwaka jana alikuwa Shelui."

Niliuma kanga yangu nisicheke. Dada hakucheka. Alimtazama Laurian na macho yake yale ya wodini. "Nikisema sijalazwa, halafu nikaugulia kule, inakuwaje?"

Laurian akalegeza tai. "Wataandika huku kuuliza hospitali. Wakigundua, mama, hawalipi kitu."

"Atalipa nani?"

"Aliyekualika."

"Mwanangu."

"Ndiyo, mama."

Nathanaeli akaingilia kuwa watagundua vipi, Ulaya na Singida wapi na wapi, na hospitali yenyewe mafaili yake yanaliwa na panya. Dada alimnyamazisha kwa mkono. "Kaka, hospitali za kule nimeshasikia bei zake. Nikamwachie mwanangu deni la kunitibu, halafu aniite mama? Andika nimelazwa, Laurian. Andika moyo. Andika na vidonge ninavyomeza, nitakutajia."

Akaandika. Mkono ulikuwa mzito, niliuona.

Jibu lilipokuja kutoka makao makuu, Laurian hakumwita dada ofisini. Alilileta mwenyewe Mwankoko kwa baiskeli, akakataa kukaa, akakataa hata maji. Kampuni haikumkubali, kwa umri wake na kwa ule moyo. Kampuni nyingine alizoziuliza yeye mwenyewe zilisema vilevile. Dada akamshukuru, akampa kuku ampelekee mama yake. Kijana wa watu aliondoka na kuku amefungwa nyuma ya baiskeli, anajifuta macho kwa tai.

Sasa Winfrida ataambiwa nini? Nathanaeli alikuwa ameshapanga. "Mwambieni pasipoti imechelewa."

Hapo nililipuka. Nilimwambia kaka, na mkubwa wangu ni yeye, kwamba nimechoka anavyotudanganyia watoto, kwamba pasipoti nayo ikichelewa sana tutaipeleka msibani Shelui, na kwamba siku moja uongo wake utazika mtu. Akanyanyuka achukue kofia yake. Dada akasema, "Kaeni chini nyote wawili. Nitamwambia mimi."

Winfrida alipopiga, dada alikuwa dukani kwangu amekaa juu ya dumu, anangojea simu yangu iite. Nilibana sikio langu karibu na lake. Alimweleza mwanawe pole pole, kama alivyokuwa akimweleza mzazi wa mara ya kwanza. Nimeumwa, mwanangu. Nimelazwa. Moyo umetanuka. Tulikuficha. Bima wamenikataa, sitaweza kuja.

Upande wa pili nikasikia kilio, si cha mtu mzima, kilio cha mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Usilie, bado nipo," dada akasema.

"Mama, sikuwa nakuita kwa kukukumbuka tu." Winfrida alikuwa anakata maneno. "Mimi ndiye mgonjwa. Nina uvimbe kwenye titi. Watanipasua baada ya Pasaka. Nilitaka uwe hapa. Nilikuficha, mama, nilisema utachanganyikiwa."

Haki ya Mungu! Tuliyemficha naye alikuwa anatuficha! Nani alimfundisha? Sisi. Dada hakupiga kelele. Aliuliza uvimbe uko upande gani, ukubwa wake, na kama kwapani napo pana kitu, akawa anaitikia ehee, ehee, kama yuko zamu. Alipoweka simu ndipo alipojifunika kanga usoni, akasema jambo kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu, ambalo sitalirudia hapa. Mteja aliingia na chupa yake akitaka mafuta, nikamfukuza.

Baadaye akajifunua. "Dina, wewe moyo wako mzima."

"Mimi?" Nilijua anakokwenda. "Dada, mimi mwisho wangu Dodoma."

"Wewe ni mama yake pia. Sijampata mwingine."

Laurian akanihangaikia mimi. Daktari aliyenipima kwa ajili ya bima alinisikiliza kifuani, akasema, "Mama, una moyo wa punda wewe, utazika watu." Alikuwa ananitania, lakini nilitamani kumzaba kofi. Mlango ulikuwa wazi, na Magdalena alikuwa nje kwenye benchi ananisubiri, nasikia anavyoivuta pumzi. Nilivaa blauzi yangu nikiona aibu kwa uzima wangu.

Siku ya safari alinisindikiza mpaka stendi. Viatu vyake vya kamba alinipa mimi, vilinibana kidogo. Kabla sijapanda basi alinivuta pembeni ya mizigo.

"Akiwa na maumivu, usinipigie ukasema hajambo. Niambie yanamuuma wapi."

"Sawa, dada."

"Na mimi nikifa, usimzungushe mtoto. Usimwambie mama anaumwa kidogo, sijui mama kaenda wapi. Mwambie mama yako amekufa. Umshike mikono, umwambie hivyo hivyo."

"Dada, acha uchuro bwana!"

"Mimi nimeshika watu wakiingia duniani na wakitoka, uchuro siujui. Niapie."

Nikaapa, kondakta akipiga ubavu wa basi na kutuita.

Huko Ulaya sitasimulia sana, baridi kila mtu ameshaisikia. Winfrida alipasuliwa, akatoka salama, titi moja limekwenda, na ikabaki dawa ya kuchoma mwili iliyomnyoa nywele. Niliishika ahadi. Nikipiga Singida nasema leo ametapika, leo kidonda kina maji, leo amekataa uji. Dada anauliza maji hayo rangi gani. Na akimaliza kuuliza ya mwanawe anatoa yake, miguu imevimba tena, usiku analala ameegemea mito. Nampa Winfrida simu wanalia pamoja, halafu wanacheka. Siku moja nilimsikia Winfrida anamtania, "Kwa hiyo siku hizi Shelui hawafi tena, mama?" Sijapata kuwaona wale wawili karibu vile, na bahari iko katikati.

Halafu asubuhi moja akapiga Nathanaeli. Nathanaeli, ambaye hapigi simu ya nje hata kwa viboko.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mnaendeleaje? Mgonjwa anakula?" Akakohoa. "Dina, dada anaumwa kidogo. Jiandae uje nyumbani."

Nyuma yake nilisikia wanawake wanaimba wimbo wa kanisani, na mtu anauliza masufuria makubwa yawekwe wapi.

"Kaka, amekufa saa ngapi?"

Nilimsikia analia, kaka yangu, ambaye hata baba alipokufa alijikaza. "Alfajiri," akasema. "Nilikuwa naye. Lakini Dina, nakusihi, msimwambie mtoto. Kidonda chake bado kibichi, na daktari hajamruhusu kupanda ndege. Atamzikaje? Atakufa naye huyo. Mwambie wewe unarudi mara moja kwa mambo ya duka. Tutamwambia akipona."

Na mnisikie vizuri: hakuwa mjinga. Kila alichosema kilikuwa kweli. Winfrida asingeweza kwenda kumzika mama yake, dawa ilikuwa haijaisha, na mwili wake ulikuwa umebaki mifupa. Siku zote nilimcheka kaka, lakini siku ile nilimwelewa. Nilimwambia, "Pole, kaka. Mzikeni karibu na shamba lake," nikaweka simu.

Nilikuwa nachemsha chai ya Winfrida. Niliimimina, nikatia sukari mara mbili bila kujua. Nilisimama nje ya mlango wake na kikombe, na mdomo wangu wenyewe ulikuwa umeshatengeneza maneno: mama hajambo, anakusalimia, ameenda tu mahali. Yalikuwa matamu, yako tayari, na yeye angekunywa chai yake na kulala. Nilimkasirikia Magdalena kwa kile kiapo. Mwizi wewe, nilimwambia moyoni, umeniachia kazi yako ngumu kuliko zote, umekwenda zako.

Nikaingia. Winfrida alikuwa ameketi kitandani na kilemba chake. Niliweka chai chini, nikakaa, nikamshika mikono yote miwili.

"Winfrida. Mama yako amekufa. Leo alfajiri. Mjomba wako alikuwa naye."

Alinitazama usoni kwa muda, ananipeleleza, anatafuta kama kuna kitu nyuma ya maneno yangu.

"Hakwenda Shelui, mama mdogo?"

"Hakwenda Shelui, mwanangu. Amekufa."

Akaniangukia begani, ule upande usio na kidonda, tukalia kwa sauti kama wanavyolia watu wa kwetu, mpaka jirani wa chini akagonga dari lake kwa ufagio. Hatukunyamaza.