Kadi ya Renzo

...na macho, nisisahau macho, ila mwalimu Perla alisema macho ya mtu yakikuchoma tazama katikati ya nyusi, basi nipo katikati ya nyusi za Renzo, pana kovu jeupe dogo kama punje ya wali, ningeweza kukaa hapo hadi jioni, mvua ya mji wetu wa Iloilo inamwagika juu ya bati na darasa zima linaelea, sisi sita wenye usonji tumekalishwa wawili wawili tukijifunza kuongea na watu, mwalimu anasema, "Haya Amihan, mwanangu, muulize mwenzako, tabasamu kwanza," na kadi yangu inasema wikendi yako ilikuwaje, kadi yake inasema nzuri, na yako je, tukimaliza tunapewa nyota ya kubandika, nyota yangu ya mwisho hii, halafu shule mpya mwezi wa sita, Mama ameshanunua sare... lakini wikendi yake haikuwa nzuri, najua, mama yake alimwambia mama yangu pale barazani, "Mbwa wake kagongwa na pikipiki Jumamosi, dada, tangu hapo hajatia kitu mdomoni," wakadhani sisikii kwa sababu nilikuwa natazama dari, watu hudhani asiyekutazama hakusikii, mwalimu Perla hakuwepo, hajui... "Tabasamu, Amihan," nami tabasamu ninalo, nililifanyia mazoezi kwenye kioo, nililivaa hata siku ya msiba wa bibi, nilifundishwa kusema asanteni kwa kuja huku nikitabasamu, nikatabasamu kwa kila aliyeingia, na shangazi Belen akasema kwa sauti, "Mtoto gani huyu, bibi yake kalala pale na yeye anachekelea!", nami nilikuwa nafanya vilevile nilivyofundishwa, ni mjomba Nestor tu aliyekuja akakaa kando yangu, hakuuliza kitu, akawa anabangua mbegu za tikiti na kuniwekea viini kiganjani, kimoja, kimoja, mchana kutwa, na mahali fulani kati ya mbegu na mbegu nikalia... Renzo anaikunja kona ya kadi yake, anaikunja, anaikunjua, karatasi imelainika kama kitambaa, nikimuuliza kwa tabasamu atasema nzuri, lazima aseme nzuri, imeandikwa, na mimi ndiye nitakuwa nimemfanya aseme uongo... wanasema siwezi kujua mwenzangu ana nini moyoni, daktari aliandika hivyo, Mama akaikunja ile barua akaiweka kabatini, na leo katika chumba hiki chote anayejua ni mimi... "Tunakusubiri, mwanangu," sauti inatoka mbali, kama chini ya maji, mvua bado, nyota bado iko kwenye vidole vya mwalimu, nami naliacha tabasamu liteleze lidondoke huko linakotaka, nashuka polepole kutoka kwenye kovu hadi kwenye macho yenyewe, mekundu, yanachoma, nabaki humohumo, sijafungua mdomo lakini maneno yameshafika ulimini, hayapo kwenye kadi yoyote: mbwa wako alikuwa anaitwa nani?