Shamba la Atuganile na Paswedi ya Mwenyekiti

Jumanne ya tarehe 14 Machi 2006, siku aliyozikwa mzee Lazaro kule Matwebe, ndiyo siku jina la Atuganile lilipofutwa. Mumewe, Andongwisye, hakuwa na habari. Alikuwa makaburini na koleo mkononi, mvua ikimchapa mgongoni pamoja na nusu nzima ya Tukuyu. Alijua kesho yake, alipotoka kijijini kwake Masukulu kwenda Bagamoyo, ule mtaa wa Tukuyu, kwenye ofisi ya Umoja wa wakulima wa kahawa, kuhakiki orodha.

Lilian, karani, aliigeuza kompyuta imwelekee.

"Baba, mama hayumo."

"Hayumo vipi? Mwaka wa tatu huu yuko kaburini, atoroke aende wapi?"

Lilian hakucheka. Majina arobaini na moja yalikuwa yametoweka, yote ya Masukulu, mashamba ya walewale waliomnyima mwenyekiti wa Umoja kura Februari.

Mwaka ule mnunuzi wa ng'ambo alikuwa amesema waziwazi: atachukua kahawa ya mashamba yaliyoandikwa kwenye tovuti ya Umoja tu, na orodha ataisoma Ijumaa. Asiyekuwemo akauze kwa walanguzi wa barabarani. Lakini kwa Andongwisye kahawa ilikuwa jambo la pili. Miche ile Atuganile aliibeba kichwani mwenyewe, akaipanda mwenyewe, na shamba likaandikwa kwa jina lake, si mke wa fulani. Alipofariki, wakubwa wa Umoja walimwambia Andongwisye aandikishe jina lake yeye. Alikataa. Duniani jina la Atuganile lilikuwa limebaki mahali pawili: kwenye orodha ile na kwenye msalaba wa mbao, na msalaba mchwa walishauanza.

Zamani lilikuwemo pia kwenye daftari la chama cha ushirika. Wakubwa wakaja na soko huria lao, ghala likauzwa, madaftari yakaishia sokoni kufungia vitumbua. Andongwisye, aliyeishia darasa la nne, aliwahi kula kitumbua kilichofungwa kwenye ukurasa wa Masukulu. Hajakisahau mpaka leo.

Alhamisi asubuhi kamati ikakaa. Ismael, fundi wa kompyuta mwenye duka ng'ambo ya barabara, aliitwa. Alikuja na sidii mfukoni.

"Nakala ya Januari ninayo," akasema. "Majina nitayarudisha leo hii. Ila kwanza mniambie mlango wa seva tunaufungaje. Seva ndiyo ile mashine tuliyokodi huko mbali, inayotunza orodha. Nikirudisha majina na paswedi ni ileile, kesho mtaniita tena."

Mwenyekiti Ambwene, mtu wa koti na simu mbili, akapunga mkono. "Tubadilishe paswedi, tuweke ndefu, tumalize. Na karani aonywe. Siri ya chama ameianika kama nguo."

Lilian alikuwa amekaa karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Alikuwa ameolewa na mwana wa Ambwene.

Andongwisye, aliyeketi nyuma na wanachama wengine, akasimama. Hakuomba ruhusa.

"Mwenyekiti, hiyo paswedi ilikuwa neno gani?"

Elina, mjumbe wa Bagamoyo, akashindwa kujizuia. "Si jina lake mwenyewe! Ambwene, herufi ndogo zote. Hata mbuzi wangu anaijua."

"Nani alilichagua?"

"Yeye hapo."

"Na Lilian ni nani wako, mwenyekiti?"

"Mkamwana wangu. Unajua fika."

"Haya. Tangu lini kwetu mkamwana akamtaja baba mkwe wake kwa jina? Ninyi wajumbe mmesahau paswedi, mnampigia simu, mnataka awajibu nini? Binti wa watu akaandika kwenye karatasi, akabandika kwenye kompyuta, kila anayeuliza aje asome mwenyewe. Kosa lake ni kukuheshimu. Karatasi ile kila mwanachama ameiona. Mimi na darasa la nne langu nimeisoma, tena bila miwani."

Elina akapiga makofi. "Ndaga, asante! Hapo umesema."

Ismael akaingia hapohapo. "Ndiyo maana mimi nashauri tuache paswedi kabisa. Kuna ufunguo wa vipande viwili. Kimoja kinakaa kule kwenye seva kama kitasa. Mtu akikiona hakimsaidii kitu. Cha pili kinabaki kwenye kompyuta hii, na nakala yake kwenye flashi ndani ya kabati. Vikikutana, mlango unafunguka. Hakisomwi kwa simu wala hakibandikwi ukutani. Na hata flashi ikiibwa, kipande kile nacho kina neno lake la kukifungulia, analijua mwenye nacho tu."

"Na mimi je?" Ambwene akauliza. "Mkubwa wa chama niombe ruhusa kwa flashi?"

"Utapata ufunguo wako, mwenyekiti. Kila mtu na wake. Ila seva itaandika: leo saa fulani ameingia Ambwene. Si kama zamani, mnaingia watu sita kwa jina moja."

"Flashi haina mkubwa," Elina akasema. "Huo ndio uzuri wake."

"Tuchague huo," Andongwisye akasema, kama mtu anayechagua jembe dukani na anajua jembe. "Neno unaweza kuombwa, ukaona haya kukataa. Huo ufunguo hauoni haya."

Mikono mitano ikapanda. Wa mwenyekiti ulibaki mfukoni.

Ismael akaketi. Akatengeneza ufunguo wa Lilian, akageuza uso ukutani binti alipokuwa akiandika neno lake. Akaizima paswedi ya zamani, akajaribu kuingia kwayo; seva ikamkatalia. Akaingiza sidii. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo, na la kwanza kabisa lilikuwa Atuganile, Masukulu, kahawa. Andongwisye aliligusa kwa kidole.

"Fundi," akasema, bila kuondoa kidole, "hiyo seva hata zamani ilikuwa inaandika saa?"

"Saa, na mahali." Ismael akatafuta. "Jumanne, saa saba na dakika ishirini mchana. Kutoka humu ofisini, kwenye mashine hii."

Watu wakamtazama Lilian.

"Msimtazame," Elina akasema. "Alikuwa msibani, tunamenya ndizi naye tangu asubuhi."

"Ufunguo wa ofisi niliuacha kwa mama mkwe," Lilian akasema polepole. "Kama siku zote."

Andongwisye akageuka. Hakupaza sauti, na hakuwa na haraka.

"Mwenyekiti, pale Matwebe nilishika koleo tangu saa sita mpaka saa tisa. Kila aliyekuja kutupa udongo nilimwona. Wewe ulikuwa wapi?"