Mguu Mpya Zizini

Nimezunguka sana, Lamadi mpaka Kigoma, nikivua, nikichimba, nikichunga ng'ombe wa watu. Hata kaka yangu Masunga alipokufa sikurudi kwetu Shishiyu. Nilirudi mwaka huu, baada ya kuvunjika nyonga na kuwekewa ya chuma. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Kwenye kliniki ya Bariadi, Domitila wa mazoezi ya viungo aliinua picha ya eksirei.

"Mzee Ngeleja, huo mguu unaubeba kama yai. Mfupa usipobebeshwa uzito unalegea. Ukija hivi hivi mwezi ujao, hayo magongo utazikwa nayo. Tafuta mahali tambarare, ukanyage!"

Mimi nisipotembea, nimekufa tayari. Nikakubali.

Kwa shemeji yangu Minza, mjane wa Masunga, mahali tambarare ni zizi la zamani tu, ardhi iliyoshindiliwa na kwato. Asubuhi ya kwanza niliegemea mguu mpya, chini pakagonga. Mara moja, kutoka chini ya ardhi, kama mtu anayebisha mlangoni. Nikanyanyua mguu. Kimya. Nikashusha. Pakagonga.

Asubuhi tatu zilizofuata nilidanganya, uzito wote kwenye magongo, mguu ukigusa vumbi tu.

"Shemeji, hiyo ngoma gani?" Minza aliuliza, ungo mkononi. "Hata kuku wangu anakanyaga kukuzidi."

"Masunga mlimzika wapi?"

Akaacha kupepeta. "Si humo humo? Mwenye mji anazikwa zizini, umesahau? Tukafungia ng'ombe juu yake mpaka pakasawazika."

"Upande gani?"

"Ungekuwepo ungejua." Kisha akashusha sauti. "Hata mimi pamenipotea. Ng'ombe waliisha mwaka wa ukame. Tangu hapo hakanyagwi na mtu, na tangu hapo anagonga. Ulidhani anakufukuza?"

Nikarudi katikati ya zizi. Nikaangusha gongo moja, halafu la pili. Nyonga ikawaka moto, paja likatetemeka, nikauachilia mwili wote juu ya mguu ule. Pakagonga. Sikunyanyua.

"Masunga, ni mimi."

Kimya. Halafu pakagonga tena, hatua mbili mbele yangu. Nikazipiga hatua hizo, mikono mitupu. Pakagonga mbele zaidi.

Minza aliniita nikanywe uji, akaniita tena. Jua lilikuwa limeshapanda, na mimi bado nafuata anapogonga, sikuweza kuacha.