Masizi ya Kalibo

"Kaa chini, Haidar. Utaitoboa hiyo sakafu," Chausiku alimwambia kwa mara ya nne.

Haidar aliendelea kuzungukazunguka ukumbi wa stesheni. Angekaa vipi? Treni ya Hong Kong ilikuwa inaingia Guangzhou saa sita mchana, na ndani yake alikuwamo mama yake mzazi, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka ishirini na sita. Juzi kwenye simu mama alimuuliza, kwa Kiingereza alichojifunzia kwenye kazi za ndani huko Hong Kong, "Utanijua?" Naye akajitia ujasiri: "Nitakujua." Uongo mtupu! Sura ya mama ilishamtoka zamani, na picha yake moja ililiwa na mchwa Unguja.

"Atakujua yeye," Chausiku alisema. Alikuwa mfanyabiashara mwenziwe wa Dar, na leo alikuwa ameiacha mikoba yake kwenye soko la ngozi la Shiling ili amsindikize. "Wanaume weusi hapa ni wangapi?"

"Hakuuliza hilo. Akipita nikamtazama kama mgeni, nitakuwa nimemuua."

"Kwani hukumbuki chochote?"

"Nakumbuka masizi."

Akamsimulia. Alizaliwa Kalibo, Ufilipino. Mama mtu wa huko, baba baharia wa Unguja. Mwaka mzima watoto walimzomea na kumvuta nywele. Lakini kila Januari, kwenye sherehe ya Yesu Mtoto, mji mzima ulijipaka masizi usoni kuwaenzi wenyeji wa kale, weusi wa ngozi. Ngoma zilirindima tangu asubuhi, watu wakicheza barabarani na sanamu ya mtoto mabegani, na hapakuwa na wa kumshangaa. Mama alikwangua sufuria, akajipaka mashavu yote mawili, akamwambia, "Leo mimi ndiye nimefanana na wewe." Haidar alipotimiza miaka saba, baba alikuja kumchukua, akampeleka Unguja.

"Sherehe yenyewe ni leo," alimalizia. "Jumapili ya tatu."

"Na wewe umefunga! Ramadhani na Yesu Mtoto kwenye kifua kimoja, utaacha kuhangaika, laoban?" Chausiku alimtania, akimwita "bosi" kwa Kichina kama wauzaji wa soko la vitambaa la Kangle wanavyomwita kila mteja.

Milango ya abiria wanaowasili ilifunguka, watu wakamiminika. Wanawake wafupi, nywele nyeusi, mabegi. Huyu? Yule? Mmoja alitabasamu, moyo ukamruka, kumbe anamtabasamia mumewe. Aliogopa, akaogopa hasa.

Kisha kicheko kikazuka mlangoni. Watu walikuwa wanapisha. Mlinzi alikuwa anamkimbilia bibi mmoja mdogo, amevaa gauni lake la kanisani, akimnyooshea karatasi ajifute. Bibi akausukuma mkono wake. Uso wake ulikuwa umepakwa masizi, kuanzia kipajini hadi kidevuni.

"Nanay!" Haidar alipiga ukelele, "mama" kwa lugha ya Kalibo, neno ambalo hakuwa amelitamka tangu utotoni.

Alimshika mashavu, viganja vikajaa masizi.

"Umenijua?" mama aliuliza.

"Nimekujua," alijibu, na safari hii hakudanganya.