Jogoo wa Milio Miwili

Mwewe alipomchukua kuku mweupe wa mwisho, Gunnvor alijifunga mtandio shingoni akaenda kwa jirani yake, Aslaug, kuchagua kuku wengine. Aslaug alimmiminia kahawa na kumkatia jibini ya kahawia. Aliiona alama nyeusi iliyochungulia juu ya mtandio, akamwongezea kahawa. Kisha wakatoka uani.

"Weupe achana nao, mwanangu," Aslaug alisema. "Wanaonekana toka mawinguni. Na yule mwenye kishungi, mrembo kweli, lakini manyoya yamemziba macho. Atajua kuna mwewe akiwa keshabebwa. Wanene nao hawaruki. Chukua hawa wa Jæren, wa madoadoa. Wepesi, wajanja, wanalala mtini."

"Na jogoo?"

"Huyu hapa. Ana milio miwili, mmoja wa adui wa chini, mmoja wa adui wa juu. Ukimsikia usisimame kuuliza. Kimbia."

Kuku walizoea haraka. Mbweha alikuja mara moja, jogoo akapiga mlio wa chini, ule wa kukatakata, na kundi zima likapanda mti mkubwa wa uani. Mbweha aliwatazama kidogo, akaenda zake.

Ijumaa yake Halvard, mumewe Gunnvor, alirudi kutoka kiwanda cha mbao. Alikuja kwa miguu toka getini, mkate kwapani. Jogoo akapiga mlio wa juu, ule mrefu. Gunnvor alitazama angani, hakuona kitu. Alipotazama chini aliona kivuli cha mumewe kimetandaza mabawa juu ya majani, na mdomo wa kivuli umepinda kama wa mwewe. Tarishi aliyekuwa akipita naye alikiona. Alikizunguka ili asikikanyage, akampa Halvard gazeti lake, wakazungumza habari za theluji.

Theluji ilipoanguka, Gunnvor alikuwa ameshaota manyoya ya madoadoa mikononi. Kwenye mazoezi ya kwaya Aslaug alimwambia yamemkaa vizuri, kwa mbali hayaonekani. Siku chache baadaye jogoo alilia mlio mrefu, Gunnvor akatupa kisu cha viazi, akatoka mbio, akaruka na kutua tawini katikati ya kuku.

Halvard alikuja akasimama chini ya mti.

"Shuka, Gunnvor. Watu watasema nini?"

"Hawatasema kitu," alijibu.

Na kweli hawakusema. Tangu hapo Gunnvor alishuka mumewe akienda kazini, akapika, akafua, akalisha kuku, na mlio ukisikika akarudi juu. Halvard alikula chakula chake mezani peke yake. Jumapili aliimba besi kanisani, na wallahi hakuna aliyeiimba vizuri kama yeye.

Baridi ikazidi. Mchungaji alisema ni aibu jirani aangukiwe na theluji hivihivi na watu wapo. Wote wakaafiki, ni aibu. Ukaitishwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na kwa watu wa kijiji cha Lia msaragambo haukosi mtu. Hata mwenye homa huja na nyundo yake. Wangeweza kumwendea Halvard wakamwambia neno moja tu. Lakini kumwambia mtu neno nyumbani kwake ni jambo gumu, na kujenga ni jambo rahisi, basi wakajenga.

Jumamosi walipandisha mtini mbao za kibanda, mabati na blanketi la sufu. Halvard ndiye aliyetoa mbao, na ndiye aliyeshika ngazi siku nzima isiteleze. Walimshukuru. Jogoo alilia ule mlio mrefu tangu asubuhi bila kupumzika, watu ikabidi waulizane misumari kwa kupiga kelele.

"Jogoo gani huyu?" mchungaji aliuliza, vidole masikioni.

"Kichaa huyo," Halvard alisema, akacheka.

"Kosa ni langu," Aslaug alisema. "Nilimchagua mwenye kelele. Nitaleta mwingine, mpole."

Alikuwa amesimama chini kabisa ya tawi la Gunnvor.

"Mwache, Aslaug," Gunnvor alisema. "Ndiye ninayemtegemea. Wewe unajua."

Aslaug alijua. Moyo ulimwuma, ukamwuma hasa, na huku unamwuma akamshika jogoo miguu.

"Kibanda utakipenda, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "Mbao zake nene."

Supu ilipikwa hapohapo kwa ajili ya wajenzi. Nyama ilikuwa ngumu lakini ililiwa yote. Kabla jua halijazama Aslaug alileta jogoo mpya, wa kahawia, mzuri wa sura. Watu wakasimama kidogo uani kusikiliza ule utulivu, wakafurahi, wakaagana.

Jumatatu Gunnvor alishuka kubandika viazi. Halvard alirudi mapema. Alipita uani, kivuli chake kikampitia jogoo mpya. Jogoo aliinua kichwa, akatazama, akaendelea kudonoa.

Kibanda kipo mtini hadi leo, kitupu. Watu wa Lia wakipita hukisifia, maana tangu kijengwe hakijavuja hata mara moja.